Vibao vya Lubumbashi: jina likifutwa, ukumbusho unabakia wapi?



Mwaka 1910 reli ilifika hapa, na mji ukaanza kujengwa kwa jina la Élisabethville. Mwaka huo huo, kule Paris, Georges Claude alionyesha watu taa ya neoni: bomba la kioo lenye gesi ndani, umeme ukipita linawaka jekundu. Baadaye taa hizo ziliandika majina ya maduka, hoteli na sinema katika miji mingi ya dunia. Leo Las Vegas na Warsaw kuna makumbusho yanayotunza vibao hivyo vya zamani. Yale ya Warsaw yalifunguliwa mwaka 2012, ili vibao vya utawala uliopita visiishie jalalani.

Huku kwetu, kibao hakikungoja kuzeeka. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni yake ndiyo tunayoiita leo Gécamines. Mwaka 1971 Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1973 maduka ya wageni yakapewa Wazairwa. Mwaka 1997 Katanga ikarudi, na mwaka 2015 ikagawanywa. Sisi tukawa Haut-Katanga. Kila mara jina lilibadilika, na vibao navyo.

Lakini kuna waliotunza. Mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi katika picha 101, akaziandikia maneno. Ziko Amsterdam. Na tangu mwaka 2000, mradi Mémoires de Lubumbashi umekusanya hapa mjini hadithi za wakaaji wenyewe.

Kwa nini ninasema haya? Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya jamaa wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili. Miaka iliyofuata, wengine walikimbia vita kule Mitwaba na Pweto. Mtu anayekimbia habebi kibao cha duka yake.

Basi tafuteni kilichobakia: picha, karte ya kazi, risiti yenye jina la duka. Andikeni nyuma yake jina la mwenyewe, mtaa na mwaka. Wazee wakiwa bado wako, waulizeni leo. Rangi mpya ikipita juu ya jina, angalau mtoto wenu atajua nini iliandikwa chini.