Uhamishaji wa tovuti

Uhamishaji wa tovuti ni kazi ya kubadilisha kikoa, mfumo au mpangilio wa anwani za tovuti ambayo tayari inajulikana na injini za utafutaji kama Google na Bing. Kwa injini hizo, anwani mpya ni ukurasa mpya. Sifa iliyopatikana kwa viungo kutoka tovuti nyingine haihami yenyewe.

Kinachoihamisha ni msimbo 301, ambao seva hutuma kueleza kwamba ukurasa umehama kwa kudumu. Msimbo 302 huashiria uhamisho wa muda tu. Hoteli iliyokuwa na ukurasa /vyumba.html, na sasa inatumia /malazi/vyumba, huelekeza wa kwanza kwenye wa pili. Kurundika anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo ni kosa la kawaida, na lina gharama: Google huweza kuzihesabu kurasa hizo kuwa hazipo, sawa na zilizorudisha msimbo 404. Google yenyewe hushauri maelekezo yadumishwe angalau mwaka 1.

Ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani za kurasa zake, ni utaratibu ulioanzishwa na Google mwaka 2005; huwasilishwa kwa injini za utafutaji baada ya tovuti mpya kufunguliwa.

Kosa baya kuliko yote hutokana na mstari mmoja: agizo la noindex, lililowekwa wakati wa majaribio ili kuificha tovuti. Likisahauliwa, kurasa huondolewa kwenye matokeo kadiri roboti za injini za utafutaji zinavyozipitia, hata kama mengine yote yamefanywa sawasawa.