KUJAZA RISASI NYUMBANI: VIFAA VYAKE, NA KWA NINI HUKU BEREGA TUMEBAKI NA GOBORE

Kuna swali linarudi kila mara vijana wakikaa mbele ya kompyuta na kuangalia video za Marekani. Mzee yuko gereji kwake, anavuta mkono wa mashine, na risasi ya bastola inatoka mpya inang'aa. Hivi vile vifaa ni nini? Na huku kwetu Kilosa mtu akiamua kufanya vile inawezekana? Leo tulimalize. Chukua chai, soma mpaka mwisho, maana mwishoni ndipo penye jambo la kumsaidia mtu.

RISASI MOJA INA VITU VINNE

Sisi tunasema "risasi" tukimaanisha kitu kizima. Kumbe kina sehemu nne:

1. Ganda. Kikombe cha shaba nyeupe, au wakati mwingine chuma, kinachobeba vingine vyote.
2. Fataki. Kidonge kidogo kwenye kitako cha ganda. Kikigongwa kinatoa cheche.
3. Baruti. Inaungua kwa haraka sana na kutoa gesi.
4. Kichwa. Ndicho kinachoruka. Mara nyingi ndani yake kuna madini ya risasi, na jina lenyewe limetoka huko: kwa Kiarabu neno hilo ni la hayo madini.

Ukishafyatua, kichwa kimeondoka, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda limebaki. Ganda ndilo la gharama, na likiwa zima linaweza kutumika tena. Hapo ndipo wazo la kujaza upya lilipozaliwa.

VIFAA VYA WENZETU

Huko Marekani hii ni hobi halali ya watu wengi, na ina historia ndefu. Kampuni ya RCBS ilianza California mwaka 1943. Mwaka 1958 Richard Lee akaleta kiboksi cha bei poa, cha kugonga kwa nyundo tu, ndipo hata mtu wa kipato kidogo akaingia kwenye mchezo. Meza ya mjazaji inakuwa na hivi:

- Mashine ya mkono, ambayo ni wenzo wa kusukuma ganda juu kwa nguvu.
- Kalibu za chuma kigumu. Moja inarudisha ganda kwenye umbo lake (likifyatuliwa huwa linavimba), nyingine inapanua mdomo, nyingine inabana kichwa kikae.
- Mizani ya kupima baruti. Kipimo chao kinaitwa greni. Greni moja ni kama gramu 0.065 tu. Chumvi unayobana kwa vidole viwili inaweza kuwa nzito kuliko hapo.
- Kalipa, ya kupima urefu mpaka sehemu ndogo za milimita.
- Kitabu cha vipimo kutoka kwa mtengenezaji wa baruti, kilichopimwa maabara. Kila baruti na kichwa chake, na ukomo wake.
- Miwani ya kukinga macho.

Ukiuliza kifaa muhimu kuliko vyote, watu wengi watataja mashine. Hapana. Ni mizani na kile kitabu. Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1900, inaruhusiwa mgandamizo wa mpaka bar 2,350. Tairi la gari dogo lina kama bar 2. Yaani ndani ya kile kikombe, kwa kufumba na kufumbua, kuna nguvu mara elfu moja na zaidi ya tairi lako. Na baruti ya bastola ni kidogo kiasi kwamba kwenye maganda mengi mtu akisahau akaimimina mara mbili, ganda halijai na haoni tofauti. Atakuja kuiona silaha ikimpasukia mkononi.

MAGANDA YA HUKU NI YA AINA NYINGINE

Sasa tuje kwetu. Mtu anaokota ganda porini, anajua amepata mali. Pole. Kuna mifumo miwili ya fataki, yote ya miaka ya 1860. Mmoja ni wa Mwingereza Edward Boxer: kitako cha ganda kina tundu moja katikati, kwa hiyo fataki iliyokufa inasukumwa nje kwa pini. Mwingine ni wa Mmarekani Hiram Berdan: vitundu viwili pembeni na kinundu katikati, pini haipiti. Kichekesho ni kwamba Wamarekani wamechukua wa Mwingereza, na majeshi mengi ya nje yakachukua wa Mmarekani.

Risasi nyingi za AK zilizotapakaa Afrika Mashariki kutoka kwenye vita za majirani ni za mfumo wa Berdan, na maganda yake mara nyingi ni chuma. Kwa mjazaji wa nyumbani hayo ni takataka.

Viwanda vya risasi vipo, lakini ni vya dola. Hapa mkoani kwetu, Morogoro mjini, kuna Shirika la Mzinga, lililoanza mwaka 1971 kama mradi wa jeshi. Kenya wana kiwanda Eldoret, Uganda wana Luwero Industries kule Nakasongola. Hakuna kati yao anayekuuzia fataki na baruti ukajaze sebuleni.

MJAZAJI WETU NI MWENYE GOBORE

Hata hivyo, wadau, tusijifanye kujaza risasi nyumbani ni mambo ya Wazungu tu. Kila mwenye gobore anajaza mwenyewe, tena kila mara anapofyatua. Vifaa vyake ni mdeki wa kushindilia, pembe au kichupa cha baruti, marisaa au vipande vya chuma, na kitambaa cha kuzibia. Hana ganda; mtutu wenyewe ndio ganda.

Kwa nini gobore limeng'ang'ania hivi? Kuna historia ambayo hawakutufundisha shuleni. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo na Saadani kwenda bara ilipita maeneo yetu haya ya Mamboya na Mpwapwa, na bunduki zilikuwa zinaingia kupitia Zanzibar kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yakasaini mkataba kule Brussels. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, Mwafrika haruhusiwi kuuziwa bunduki za kisasa. Zilizoachiwa nafasi ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Berega iko kwenye nyuzi 6 kusini, tumo katikati kabisa. Kwa hiyo Vita vya Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, babu zetu walikabili bunduki za rasharasha wakiwa na mikuki na magobore.

Baruti yenyewe ya zamani ni nyeusi, yenye moshi mwingi. Mfaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyo na moshi mwaka 1884, lakini mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani hapa kwetu bado walikuwa na bunduki za modeli ya 1871. Wakipiga, wingu jeupe linawaonyesha walipo. Baruti hizi mbili zina tabia tofauti kabisa. Gobore likijazwa baruti ya kisasa iliyotolewa kwenye risasi, mtutu wa bomba la maji hauna uwezo wa kuhimili. Vidole na macho vinaondoka hapo hapo. Fundi wa kijijini hana mizani wala kitabu. Ana kisoda cha soda na uzoefu wa mzee wake. Tofauti yake na yule mzee wa gereji iko kwenye kipimo.

Na kuna hatari isiyolia kishindo: kuyeyusha betri za gari ili upate risasi. Madini hayo yanayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, moto wa mkaa unatosha, ndiyo maana watu wanaona rahisi. Vumbi na moshi wake vinaingia mwilini na kukaa kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama, na mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, anaharibika akili. Sasa hiyo kazi inafanyikia wapi? Jikoni, kwenye sufuria, watoto wamezunguka.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kutengeneza silaha au risasi bila leseni ni kosa. Kukutwa na risasi bila leseni ni kosa pia, hata kama bunduki huna. Na usifikiri ni faini ya kulipa ukaondoka. Makosa ya kumiliki silaha na risasi kinyume cha sheria yamewekwa kwenye uhujumu uchumi, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 20 hadi 30. Kijana wa miaka 22 akiingia, anatoka mzee.

Nchi yetu pia imo kwenye Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo inazitaka nchi wanachama kuufanya utengenezaji wa kienyeji usio na kibali kuwa jinai.

GOBORE LA MAREHEMU BABU

Hapa ndipo wengi tunaguswa. Babu amefariki, darini kuna gobore na kichupa cha baruti. Silaha hairithiwi kama mbuzi. Leseni ilikuwa ya babu, nayo imekwisha pamoja naye. Usilifyatue kulijaribu, usilifungue, usilipeleke kwa fundi. Baruti ya zamani na fataki zilizopata kutu hazitabiriki. Liache lilipo, watoto wasisogee. Nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, kisha pamoja mpeleke taarifa polisi. Waje wenyewe au wawaelekeze. Anayetaka kulimiliki anaomba leseni yake upya. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha, kwa mfano Septemba na Oktoba 2022, ambapo aliyesalimisha hakushtakiwa. Kikitangazwa kingine, usikiache kipite.

Najua mtaniuliza: na nguruwe pori na nyani wanaomaliza mahindi je? Na tembo wanaotoka Mikumi? Swali la haki kabisa, mkulima hali sheria. Ila gobore kwa tembo ni kumjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa anaua mtu. Toeni taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, wenye silaha na mafunzo. Kwa tembo, uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au wa mizinga ya nyuki, umefanya kazi sehemu nyingi Kenya na hapa Tanzania. Mzinga wa nyuki haukupeleki Segerea, na asali unauza.

Kwa ufupi: mashine ya kujaza risasi ni chuma tu. Kinachomlinda yule mzee wa kwenye video ni mizani, kitabu, vifaa vilivyopimwa na sheria inayomruhusu. Sisi vyote vinne hatuna. Ukiviondoa hivyo, kinachobaki ni bomu dogo lililo karibu na uso wako.

Mwenye swali au nyongeza aandike hapo chini, hasa nyie mliojaribu uzio wa nyuki, tuambieni mlivuna nini. Nawasilisha.