Kakamega na Hesabu za Likizo

Tangu 2013, mwalimu wa Kenya anayewafundisha watoto hesabu wakati wa likizo anaweza kujikuta kizimbani. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinapiga marufuku tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini miaka miwili kabla ya sheria hiyo kupita, vijana walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Maseno, kusini mwa Kakamega, wakaitumia likizo yao kwa hesabu tupu, na hakuna aliyeona kosa. Somo lilikuwa moja, msimu ulikuwa mmoja. Kilichowatenganisha na wenzao wa tuisheni ni mtihani, na namna mtihani ulivyoingia kati ya mtoto na hesabu ni historia ambayo Kakamega imeipitia hatua kwa hatua.

Kabla ya mtihani kulikuwa na kazi.

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa madhehebu ya Marafiki, yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni Kaimosi, eneo lililokuja kuwa sehemu ya wilaya ya Kakamega hadi Vihiga ilipokatwa na kuwa wilaya yake mwaka 1990. Misheni yao ilijitangaza kwa jina lake kuwa ya ufundi. Katika shule za namna hiyo mwanafunzi alijifunza hesabu ili apime futi za mbao, ahesabu matofali na ajue rupia za mshahara wake zilivyokatwa. Mwaka 1932, mwaka mmoja tu baada ya dhahabu kugunduliwa Kakamega na kuvuta wachimbaji wa Kizungu, serikali ya kikoloni ilifungua shule yake ya Waafrika mjini Kakamega. Ndiyo Kakamega School ya leo, inayojulikana kote nchini kwa timu yake ya kandanda, Green Commandos.

Mchujo ulikaza kamba baada ya ripoti ya Beecher ya 1949. Masomo yaligawanywa kwa vipindi vya miaka minne minne: mtoto alifanya mtihani darasa la nne, na aliyefaulu akafanya mwingine darasa la nane. Nafasi za kusonga mbele zilikuwa chache, wanaozitaka walikuwa wengi. Hesabu, ambayo ilimsaidia seremala kazini, sasa ikawa kigezo cha kuamua nani abaki shuleni na nani arudi shambani.

Baada ya uhuru mtihani ulibadilishwa jina, ukaitwa CPE, nao ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla. Wakati huohuo upepo mwingine ulikuwa ukivuma kutoka ng'ambo. Wanahisabati wa Marekani na Uingereza walikutana na wenzao wa Afrika kwenye warsha iliyofanyika Entebbe, Uganda, mwaka 1962, wakaandika vitabu vya kile kilichoitwa hesabu mpya. Watoto wakaanza kufundishwa seti na hesabu za vizio vingine. Katika kizio cha tano, 3 jumlisha 4 ni 12, kwa kuwa jibu ni tano moja na mbili zinazobaki. Ukilifikiria sawasawa ni jambo la mantiki safi. Ukimweleza hivyo mama anayeuza ndizi sokoni Shinyalu, atauliza shuleni mnafundishwa nini. Malalamiko ya wazazi na walimu yalirundikana, na mwaka 1981 Rais Moi akaamuru hesabu mpya iondolewe.

Jaribio jingine la miaka ya 1970 halikupigiwa kelele nyingi, ila lilifika mbali zaidi. Mtafiti Anthony Somerset aliona kwamba CPE ilimpendelea mtoto mwenye kukariri, hasa wa shule za mjini. Alishiriki kuandika upya maswali ili yampime mtoto kwa kufikiri, kwa kutumia mambo anayoyaona kijijini kwake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwalimu atafundisha kile kinachotahiniwa, kwa hiyo ukitaka kubadili darasa, anza na swali.

Walimu walimwelewa, ingawa si kwa namna aliyotarajia. Mtihani wa KCPE ulipochukua nafasi ya CPE mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, karatasi za miaka iliyopita ziligeuka kuwa kitabu kikuu cha darasa la nane. Likizo za Aprili na Agosti zikawa muhula mwingine, wazazi wakichangia pesa za tuisheni, na mtoto akirudia hesabu za aina ileile hadi mkono uzoee hata kama kichwa hakijaelewa. Tuisheni ilipigwa marufuku mara kwa mara na kila mara ikarudi kwa mlango wa nyuma, hadi Bunge likaiandika katika sheria.

Wakati watoto wakiwa tuisheni, walimu wao nao waliingia darasani. Mwaka 1998 Kenya na shirika la JICA la Japani walizindua mradi wa SMASSE wa kuboresha hesabu na sayansi, na miongoni mwa wilaya tisa za majaribio zilikuwamo Kakamega, Butere-Mumias na Lugari. Walimu wa sekondari walitumia likizo kufundishwa namna ya kumpa mwanafunzi shughuli ya mikono, na namna ya kubuni vifaa kutokana na vilivyopo. Miaka kumi na mmoja baadaye mafunzo hayo yalifikishwa kwa walimu wa shule za msingi.

Kambi ya Maseno ya 2011 iliongeza kitu ambacho SMASSE haikukigusa: hesabu isiyokuwamo katika silabasi. Washiriki walikuwa wa sekondari, lakini baadhi ya kazi za kambi za namna hiyo zinamfaa hata mtoto wa darasa la sita, mathalani kufichua ujumbe wa siri. Chukua neno KAKAMEGA, usogeze kila herufi nafasi tatu mbele, upate NDNDPHJD. Mtoto asiyeambiwa siri afanyeje? Anahesabu: D imetokea mara tatu, N mara mbili. Katika Kiswahili herufi A hutokea mno, basi huenda D ni A. Kutoka A hadi D ni hatua tatu. Anarudisha N hatua tatu, inakuwa K. Anarudisha P, inakuwa M. Ameshakisia, amejaribu kisio lake na amelithibitisha, na hakuna alama aliyopewa.

Wadogo zaidi walikuwa na shida ya msingi. Kuanzia 2009, watafiti wa shirika la Uwezo walipita nyumba hadi nyumba wakiwapa watoto hesabu za darasa la pili, na wakawa wakikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu waliozimudu. Shirika la Zizi Afrique likaanzisha kambi za kujifunza katika kaunti kadhaa, ikiwemo Bungoma, jirani wa Kakamega. Humo watoto hupangwa kwa kiwango wanachokiweza, bila kujali darasa. Mtoto anayetakiwa kutoa 17 kwenye 43 anaweza kupewa matita manne ya vijiti kumi kumi na vijiti vitatu. Vijiti saba havitoki katika vitatu, kwa hiyo anafungua tita moja. Sasa ana matita matatu na vijiti kumi na vitatu. Anaondoa saba, vinabaki sita. Anaondoa tita moja, yanabaki mawili. Ishirini na sita.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Katika mtaala mpya, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 haumfungii mtoto yeyote njia, jambo ambalo watoto wa Kakamega hawakuwa wamelijua kwa zaidi ya miaka 70. Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba hesabu itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu, ikiwa ya aina mbili: moja ya wanaochukua sayansi na teknolojia, na nyingine nyepesi zaidi ya waliobaki. Nani aingie wapi huamuliwa zaidi na mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Kwa hesabu ya haraka, mchujo umesogezwa mbele mwaka mmoja tu, kutoka darasa la nane. Kifungu cha 37 bado kipo.