Nani anasema: huyu sasa ni mukubwa?

Kati yetu kuko vijana waliozaliwa mu kambi za Kala na Mwange, kule Zambia. Wengine wamepita miaka 20. Nyumbani wanaitwa bado batoto, na mu ofisi ni vilevile. Tukajiuliza: zamani ni nani alikuwa anasema mutu amekuwa mukubwa?

Mu vijiji, ni wazee. Kwa Wachokwe kijana alipita mukanda, kwa Wabemba musichana alichezewa chisungu. Hakuna aliyeuliza miaka.

Kisha Union Minière ikachukua nafasi ya wazee. Kwanza ilitaka wanaume wa miezi kidogo tu, bila familia. Wengi walikufa ao walikimbia. Karibu na 1928 ikageuza: mukataba wa miaka 3, na mufanyakazi akae na bibi yake. Nyumba na posho vikafuata bibi na watoto. Basi mukubwa akawa mwenye kazi na bibi. Lakini huyo mukubwa, kampuni ilimulisha na kumuchunga sawa mutoto. Watu wenyewe waliita kampuni baba na mama.

Juu ya ile Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa hapa Lubumbashi aliita kitabu chake cha 2001 Bana Shaba abandonnés par leur père: watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Gécamines, iliyorithi Union Minière, ilianguka miaka ya 1990, mishahara ikakosa miezi na miezi. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka, wanaita ile "départ volontaire" (kwa hiari, wanasema!). Mama akaenda kuuza soko. Mutoto akashuka mu shimo la madini, mangaribi akaleta unga. Baba anakaa pale mu kiti. Mu nyumba ile, mukubwa ni nani?

Sheria iko na jibu lake: Kodi ya familia ya 1987 inasema miaka 18, ingawa Kodi ile iliandika musichana anaweza kuolewa na 15 mupaka ikageuzwa mu 2016. Leo karte ya kuchagula ndiyo inaonyesha mutu ni mukubwa, na anaitumia hata kwa kutoa pesa ya simu. Lakini 18 inataka karatasi ya kuzaliwa, na za vijana wetu nyingi zilipotea njiani. Bila hiyo, mutu mwenye watoto wawili anaomba mudogo wake amuchukulie pesa.

Wazazi mwenye kuchunga karatasi yoyote ya kambi, hata imepasuka, ilete kwenye mukutano ujao. Tribinali inaweza kuandikisha kuzaliwa hata kama muda umepita, na tutakuwa nanyi siku ya kwenda mbele yake.