Breketi za sasipensheni: uchaguzi wa njia ya kukata chuma

Breketi ya sasipensheni ni kipande cha bamba la chuma kinachochomelewa au kufungwa kwa bolti kwenye chesisi au ekseli, ili kishike springi, shokomzoba au mkono wa ekseli. Breketi za kutengenezwa maalumu huhitajika gari linaponyanyuliwa, linapobadilishiwa ekseli, au linaporefushwa kwa kazi ya kubeba watalii kama karakana za Arusha na Nairobi zinavyofanya kwa Toyota Land Cruiser. Nyingi hukatwa kwenye bamba la chuma laini lenye unene wa milimita 5 hadi 10. Bamba la namna hiyo hukatika kwa grainda, gesi, plazma, leza au maji. Wateja wengi huuliza kasi na bei, lakini swali la kwanza linapaswa kuwa hali ya ukingo na tundu baada ya kukata, kwa sababu nyufa nyingi huanzia hapo.

Uzito wa gari lililosimama hauisumbui breketi iliyopimwa vizuri. Kinachoivunja ni mzigo mdogo unaorudiarudia. Tuchukue barabara ya changarawe iliyofanya makunyanzi, kila kunyanzi likiwa umbali wa mita 0.75 kutoka jingine. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, breketi hutikiswa zaidi ya mara 18 kila sekunde, na ikifika kilomita 1,500 imekwisha kutikiswa mara milioni 2. Hiyo ndiyo idadi ambayo kanuni za Ulaya za uchovu wa chuma, EN 1993-1-9, huitumia kama kipimo. Kwa mizunguko hiyo, bamba lenye kingo zake za kiwandani hupewa daraja la nyutoni 160 kwa milimita mraba. Lililokatwa kwa mashine kisha likasuguliwa hupewa 140. Lililokatwa kwa mashine ya gesi likabaki na mistari midogo iliyo sawasawa hupewa 125, na lililokatwa kwa mkono hupata 125 hiyohiyo pale tu kasoro zote za ukingo zinapoondolewa. Mkato wa mkono uliobaki na meno yake haumo kabisa katika jedwali hilo, na ndio unaoonekana kwenye breketi nyingi za mitaani.

Gesi ya oksijeni na asetilini ilianza kutumika baada ya Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard kutengeneza tochi yake mwaka 1903. Hapa chuma hakiyeyushwi tu, bali hupashwa hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kisha oksijeni safi hukiunguza na kupeperusha mavi yake. Kwa bamba nene hakuna njia nyingine ya bei hiyo. Kwa bamba la milimita 6, joto husambaa mbali, kipande hupinda, na kila mkono unapotetemeka huacha mfuo ukingoni.

Plazma, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1957 kwa jina la Robert Gage, hukata upesi zaidi na kupasha eneo dogo. Mashine ndogo hutumia hewa ya kompresa, na humo ndimo mnamojificha tatizo lake: nitrojeni ya hewa huingia kwenye ngozi ya mkato na kuifanya ngumu. Ukingo huo ukichomelewa bila kusuguliwa, mchomeleo hujaa vitundu. Tundu dogo lililotobolewa kwa plazma huwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, hasa kipenyo chake kikiwa chini ya mara mbili ya unene wa bamba. Fundi akijaribu kulipanua kwa keekee, keekee hulia na kuungua makali kwa ule ugumu wa ukuta wa tundu. Ni heri plazma ikate umbo la nje tu, vituo vya matundu vipigwe alama, kisha vitobolewe kwa drili kwenye chuma ambacho hakijaguswa na moto.

Leza ndiyo njia bora pale breketi zinapokuwa nyingi za aina moja. Peter Houldcroft alikata chuma kwa leza na oksijeni nchini Uingereza mwaka 1967. Mashine za leo huacha mkato usiofika nusu milimita na kukosea kwa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ikitumika oksijeni, ukingo hubaki na ngozi ya kutu nyeusi ambayo rangi haishiki vizuri juu yake, hivyo iondolewe. Jeti ya maji yenye chembe za ganeti, inayosukumwa kwa shinikizo la megapaskali 400 hivi, haiathiri chuma kwa joto, lakini ni ya polepole na ghali mno kwa chuma laini.

Grainda yenye diski ya milimita 1 hutosha kwa breketi moja au mbili, ila kona za ndani zinahitaji uangalifu. Diski ni duara: ili mkato ufike chini ya bamba konani, lazima uvuke kona upande wa juu, na huacha ufa mwembamba uliotengenezwa tayari. Dawa yake ni kutoboa tundu konani kwanza, la milimita 8 au 10, kisha kukata mpaka kwenye tundu hilo bila kulivuka. Kingo husuguliwa kwa kufuata urefu wake, kamwe si kwa kuzikingama, kwa kuwa mikwaruzo ya kukingama ni mianzo ya nyufa.

Hakuna njia ya kukata inayookoa breketi iliyotengenezwa kwa springi kuukuu. Chuma hicho kina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, zaidi ya mara mbili ya chuma laini. Ukingo wake ukipata moto na kupoa haraka huwa mgumu na wa kukatika ghafla, na hata kikikatwa kwa maji, moto wa kuchomelea utaleta madhara hayohayo. Bamba la skrepa lisilojulikana lijaribiwe kwenye jiwe la grainda kabla ya kupimwa: cheche za chuma laini hutoka ndefu zenye matawi machache, za springi hupasuka vichaka vichaka.