Jina Hili Limetoka Wapi?

Leo tuache programu kidogo tuzungumze majina ya ukoo.

Wikipedia ilianza Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata 2003. Wahariri wake wa kujitolea wamebishana sana juu ya kurasa za majina. Kwanza mpangilio: uwe orodha tu ya watu wenye jina hilo, ama pia aya ya asili yake? Pili, na hapo ndipo pagumu: asili hiyo umeitoa wapi?

Tovuti zinazouza nembo za ukoo zina hadithi tamu, ushahidi hakuna. P. H. Reaney, katika kamusi yake ya majina ya Uingereza ya 1958, alionyesha mwaka na hati ya zamani ambamo jina liliandikwa.

Hadithi tamu hudanganya. Familia nyingi za Marekani husimulia kwamba afisa wa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha 1892 hadi 1954, alimbadilishia babu jina. Kumbe maafisa walifuata orodha zilizoandikwa na kampuni za meli kabla ya safari. Wengi walijibadilishia wenyewe baadaye.

Kwa hivyo naiunga mkono sheria ya kutaja chanzo. Lakini inaniuma: asili ya majina yetu mengi iko vinywani mwa wazee, na Wikipedia haipokei ulichosikia nyumbani. Basi muulize nyanya yako mapema, uandike, kichapishwe kitabu. Hapo mhariri atakuwa na cha kutaja.