Intaneti Imekwama: Kosa ni la Nani?

Mvua ya alasiri imeshaanza kupiga mabati, na mimi najua kitakachofuata: ikifika saa mbili usiku, intaneti itaanza kutambaa kama konokono. Mwezi uliopita nilikuwa tayari kumfukuza mtoa huduma wangu. Kabla sijafanya hivyo nikakumbuka kisa kimoja cha zamani. Keti nikusimulie.

Mwaka wa 2000, ukiwa Nairobi na ukimwandikia barua pepe mtu aliye mtaa wa pili lakini anayetumia kampuni nyingine, barua hiyo ilipanda hadi setilaiti, kilomita 35,786 juu ya ikweta, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikapanda na kushuka tena. Ni kama kumtuma dereva apeleke chai kutoka Kericho hadi Bomet kupitia London!

Hebu tupige hesabu. Kupanda na kushuka mara moja, hata kwa kasi ya mwanga, ni karibu robo ya sekunde. Ujumbe kwenda na jibu kurudi ni safari nne kama hiyo. Karibu sekunde nzima imepotea kabla hata ya foleni. Mteja alimlaumu nani? Kampuni iliyomletea bili, bila shaka.

Lakini mikono ya kampuni ilikuwa imefungwa. Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha data kwenda nje, kupitia Jambonet iliyoanzishwa mwaka wa 1998. Watoa huduma, chini ya chama chao cha TESPOK, wakaamua kuunganisha mitandao yao hapa nyumbani. Novemba 2000 wakafungua KIXP jijini Nairobi. Telkom ikalalamika, na Desemba hiyo hiyo tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002.

Je, ilisaidia? Utafiti uliotolewa na Internet Society mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa kwa data ya humu nchini, muda wa kusubiri ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600, ukawa kati ya 2 na 10. Kumbe mkosaji mkubwa alikuwa njia yenyewe, na sheria iliyoilinda.

Mwaka wa 2009 kebo za baharini, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa. EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Tukashangilia, ila tukapata mshukiwa mpya: bahari. Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na Mombasa ilikata TEAMS. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikalemaa. Hapo ungebadilisha kampuni mara tatu na bado ungelia.

Kwa hiyo washukiwa ni wanne: nyumba yako, mtoa huduma, njia za humu nchini, na bahari. Wahoji kwa zamu.

Kwanza, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kama kasi inarudi, shida ni Wi-Fi yako. Kumbuka pia kwamba Mbps 8 ni megabaiti moja tu kwa sekunde.

Pili, tumia ping, programu aliyoiandika Mike Muuss mwaka wa 1983. Anza na ruta, kisha seva iliyo Nairobi, kisha iliyo Ulaya. Kama Nairobi ni sawa na Ulaya ni mbaya, tazama habari za kebo.

Tatu, endesha traceroute uone vituo vya njiani. Tahadhari: kituo kimoja kikionekana chelewa huku vinavyofuata viko sawa, usikishtaki. Ruta nyingi huchelewa kujibu ping kwa sababu zina kazi muhimu zaidi. Kosa ni pale uchelewaji unapoanza na kuendelea hadi mwisho.

Nne, rudia asubuhi na usiku, wiki nzima, na uandike.

Mimi nilifanya hivyo. Ruta yangu: milisekunde 2 saa zote. Kituo cha kwanza cha mtoa huduma: 8 alfajiri, zaidi ya 180 saa mbili usiku, na kila kituo baada yake vivyo hivyo. Wamerundika wateja wengi kwenye mlingoti mmoja. Mara mbili nilikuwa nimepiga simu kulalamika, na mara mbili nikaambiwa nizime ruta niiwashe. Safari hii nilituma jedwali la siku saba. Siku ya nne wakanihamishia mlingoti mwingine.

Wangekataa, hatua iliyofuata ingekuwa Mamlaka ya Mawasiliano, nikiwa na jedwali lile lile mkononi. Leo usiku anza na lako, halafu uniambie umemkamata nani.